Mkono wa Galih Uliteleza

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuvunja kitu cha mtu," alisema Sarjono, huku akivunja kerupuk, chipsi pana ya kukaanga, juu ya wali wake. Kerupuk ile ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo tusimhesabie.

"Nani amesema umevunja?" mkewe Murwati aliuliza. "Nimesema kompyuta mpelekee Galih. Basi."

"Kwa betri? Betri yenyewe kama kifungo cha koti? Mama Rini, mkono huu umefungua injini za mabasi miaka ishirini na sita. Mabasi, yenye abiria!"

"Abiria walikuwa ndani wakati unafungua?"

"Usinichekeshe, nina chakula mdomoni."

Murwati hakuwa anachekesha. Alikuwa na beji mia tatu na arobaini za shule ya msingi, zote za kudarizi kabla muhula haujafunguliwa. Mashine yake ya kudarizi haikumsikiliza mtu, ilisikiliza kompyuta tu. Na kompyuta ile kongwe, iliyonunuliwa duka la intaneti lilipofungwa, ilikuwa imeanza kusahau. Kila umeme ulipoisha kwenye mita, ilipoteza siku, mwezi na mwaka, ikarudi tarehe mosi Januari 2008, enzi ambazo Sarjono alikuwa bado na nywele. Programu ya kudarizi ilinunuliwa mwaka 2016. Ikitazama saa ikakuta ni 2008, inaona bado haijanunuliwa, inagoma. Kila mara ilibidi Murwati aketi aiwekee tarehe upya, kama mkwe anayemkumbusha bibi jina la mjukuu.

Dawa alishapewa bure, mbele ya mkokoteni wa mboga. "Ni betri tu, mama," Galih alimwambia. "Ilete, dakika mbili. Utalipa betri, rupia elfu tano." Galih alikuwa mtoto wa mjane wa nyumba ya nne, umri wake miaka ishirini na sita, na karakana yake ya kompyuta, pale kwenye varanda ya mama yake, ilikuwa na miezi minne.

Kilichomchoma Sarjono ni zile dakika mbili. Kama mtoto aliyekuwa akija kwake kuomba uzi wa kishada anaweza kwa dakika mbili, yeye itamchukua ngapi? Moja, na sigara mkononi.

"Nakwenda kuchukua nyuzi sokoni," alisema Murwati akifunga kilemba. "Nikirudi tutaipeleka pamoja. Usiiguse."

"Nani aguse?"

Pikipiki ya mke ilipokata kona, mume alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kompyuta na bisibisi.

Kwenye ule ubao wa kijani, ambao mafundi huuita mazabodi, betri hukaa imelala ndani ya kishikio cha plastiki nyeusi, mviringo kama kifuniko cha chupa. Upande mmoja wa kishikio pana kilimi cha chuma. Ukikisukuma kwa ukucha, betri inainuka yenyewe na kukuamkia. Hilo halihitaji shule, linahitaji kuangalia. Lakini Sarjono kwenye mabasi alijifunza somo moja kubwa, kwamba kitu kikikataa, tafuta chuma kirefu zaidi. Akaleta kisu cha jikoni. Akakichomeka upande wa pili, ule usio na kilimi, penye plastiki tupu, akakaza.

Tak.

Sauti yenyewe ndogo, kama ganda la karanga. Betri iliruka ikabingirikia chini ya mashine. Nusu ya ukuta wa kishikio ilikifuata kisu, na kile kilimi kikabaki kimelala upande kama jino bovu.

"Plastiki za siku hizi!" Sarjono alisema kwa sauti kubwa, ingawa chumbani hamkuwa na mtu, na plastiki yenyewe haikuwa ya siku hizi.

Kila gereji ina dawa yake ya siri, na gereji ya Sarjono ilikuwa na supaglu na jivu la sigara. Unadondosha gundi kwenye ufa, unanyunyizia jivu, papo hapo panakuwa jiwe. Aliwahi kuunga hivyo dashibodi ya basi likaenda mji wa Wonogiri na kurudi mwaka mzima. Basi akawasha sigara yake ya karafuu, akaivuta haraka haraka bila raha, kama mtu aliye kazini, akakinga jivu kwenye kisosi. Akaunga. Pakawa jiwe kweli. Shida ni kwamba dashibodi haihitaji kugusana na chuma, na betri inahitaji. Gundi ilikuwa imetiririka ikavifunika vile vyuma vyote viwili, ikavivisha koti.

Aliweka betri mpya aliyokuwa ameshainunua kwa siri, akawasha. Tarehe mosi Januari 2008. Akazima, akapuliza, akawasha tena. Tarehe mosi Januari 2008. Ukifikiri vizuri, ilikuwa siku nzuri ya kurudia, maana siku ile alikuwa bado hajavunja kitu.

Murwati aliporudi alimkuta ameketi kibarazani, betri ya zamani imerudishwa ndani, kifuniko cha kompyuta kimefungwa, mikono ameshanawa. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, tena fupi. Nimekivunja, Mama Rini, samahani. Maneno manne tu. Sarjono aliyaweka mdomoni, akayapima, akayameza.

"Nimefikiri," alisema. "Tumwachie Galih. Vijana nao wapate riziki."

Murwati alimtazama kama mtu anavyomtazama paka aliyekataa samaki. Lakini kapu la nyuzi lilikuwa zito na siku zilikuwa zinakwenda. "Tangulia nayo," alisema. "Nipange rangi hizi, nakuja."

*

"Kuna mtu ameshaifungua, mzee?" Galih aliuliza, bisibisi mkononi.

"Nani aifungue? Mimi mambo haya siyajui."

Ndivyo alivyosema, mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa anajua kila kilichotengenezwa na binadamu.

Galih alitoa kifuniko, akainama, akagusa lile jiwe la gundi kwa ncha ya bisibisi. Kwenye kichochoro kile hakuna anayemwambia mzee kwamba amesema uongo. Hata macho huwezi kuyainua kwa namna itakayosema hivyo kwa niaba yako.

"Betri ilikuwa imechoka," Galih alisema mwishowe. "Na kishikio nacho... kimechoka kidogo."

"Umri," alisema Sarjono.

"Eeh, mzee. Umri."

Kijana akavuta rundo la mazabodi zilizokufa, akachagua moja, akang'oa kishikio kizima na kukiweka pembeni kwenye kitambaa. Kisha akageukia cha Murwati. Kishikio kina miguu miwili iliyopenya ubao na kushikwa nyuma kwa risasi ya kulehemu. Risasi ya mguu wa kwanza iliyeyuka vizuri, mguu ukatoka. Wa pili ulikuwa umeungana na shaba pana inayokunywa joto lote. Ncha ya kalamu ya moto, ile ya kuyeyushia risasi, ilibidi ikae hapo, na risasi mpya iongezwe kidogo, ili ile ya zamani imwone mwenzake na kukubali kulainika. Galih hakuikaza. Alisubiri. Sarjono aliona tofauti ya kusubiri na kukaza, akatazama barabarani.

Hapo joto likapanda kwenye plastiki, likaifikia ile gundi. Moshi mwembamba ukainuka, na varanda nzima ikanuka karafuu.

Galih havuti sigara. Mama yake ana kifua, hata vumbi la ufagio humkoholesha. Karafuu pekee iliyokuwa pale ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Sarjono, pakiti nusu, nyekundu, inachungulia. Sarjono akaifunika kwa kiganja, akabaki ameshika kifua kama mtoto wa shule mbele ya bendera.

Galih aliinuka, akageuza feni. "Leo hakuna upepo," alisema.

"Hakuna kabisa," alisema Sarjono.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na mwosha huyu alikuwa anaosha kimya, akikwangua jivu lililogeuka jiwe, kipande baada ya kipande, na kila kipande akikiweka kwenye kitambaa bila kukitazama mara mbili.

Murwati akaingia wakati huo huo.

"Vipi, zile dakika mbili zimeisha?" alisema kwa uchangamfu. Kisha akaona kitambaa. "Hiki nini? Galih! Hii si ile nyeusi ya mle ndani? Umeivunja?"

Galih aliinua uso. Nyuma ya Murwati, ukutani, alisimama Sarjono, kiganja bado kifuani. Hakuomba kitu. Alikuwa na uso tu, lakini uso wenyewe ulikuwa umepiga magoti.

"Mkono uliteleza, mama," alisema Galih. "Naomba radhi sana. Nakuwekea kingine. Hulipi kitu, hata betri."

Sarjono alikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi yenyewe ilikuwa pana, basi zima lingepita. Akakohoa.

"Dakika mbili!" alisema Murwati. "Kumbe za kuvunjia. Mume wangu hapa alitaka kuifungua mwenyewe nikamkataza, nikasema twende kwa fundi. Fundi! Bora ningemwachia."

"Mama Rini, basi," Sarjono alinong'ona.

"Basi nini? Beji mia tatu na arobaini!"

Robo saa baadaye kishikio kipya kilikuwa kimekaa, miguu yake imeng'aa nyuma kama matone ya umande. Galih aliipima betri, akaweka tarehe, akachomoa waya wa umeme, akahesabu kumi, akachomeka. Kompyuta ilikumbuka. Murwati naye alikumbuka, na kumbukumbu yake haikuhitaji betri.

*

Ijumaa alasiri mama yake Galih alikuja na sahani ya ndizi za kukaanga na vipande vya tempe ya soya, imefunikwa jani la mgomba. Alikataa kiti. Aliketi kwenye mkeka, macho sakafuni.

"Nimekuja kwa ajili ya mkono wa mwanangu," alisema. "Baba yake alifariki mapema. Hakupata wa kumfundisha utulivu. Nimemgombeza hadi nimekohoa."

"Ah, mama, usijisumbue," alisema Murwati, ambaye hasira yake ilikuwa imeshapungua na sasa alikuwa amebaki na raha ya kuwa na haki. "Ajifunze tu. Karibu chai."

"Sistahili chai. Baba Rini, tafadhali, onja. Ni kidogo tu."

Watu wawili wakamtazama. Sarjono alichukua ndizi moja. Ilikuwa ya moto, tamu, imekaangwa na mtu aliyetia bidii. Alitafuna muda mrefu kuliko inavyotafunwa ndizi.

"Tamu?" aliuliza mjane.

"Tamu, mama."

"Alhamdulillahi. Chukua nyingine."

Akachukua nyingine. Angefanyaje?

*

Jumapili ilikuwa zamu ya Murwati kupokea akina mama wa upatu. Walikuja kumi na tisa, sandali zao zikajaa mlangoni hadi kwenye bustani. Sarjono alitandika mikeka, akabeba birika, kisha akajificha upande wa pili wa pazia akijifanya anarekebisha bawaba ya kabati.

Mgeni mzito siku ile alikuwa Mama Endah, mke wa mwalimu mkuu. Shuleni kulikuwa na kompyuta kumi na mbili zilizolala tangu mafuriko, na mwezi uliopita yeye mwenyewe alisema atamtajia mumewe jina la Galih. Kichochoro kizima kilijua. Mjane alikuwa ameshaota akiona kompyuta zile zimepangwa varandani, naye akizifunika kwa shuka zake bora.

"Hebu Mama Rini," alisema Mama Endah, "nimesikia yamekukuta."

Murwati alijua kusimulia. Alianza na dakika mbili, akaja kwenye kitambaa, akaiga hata sauti: *mkono uliteleza, mama*. Wanawake wakacheka, wengine wakitazama kule mlangoni alikoketi mjane, wakaacha kucheka, kisha wakacheka tena taratibu.

"Zikienda zile kumi na mbili kwake," alisema Mama Tarmi, muuza jamu, kinywaji cha mitishamba, "zitarudi vijiti vya kuchokolea meno!"

"Basi nitamwambia mzee wangu azipeleke mjini," alisema Mama Endah. "Mali ya serikali hiyo. Si ya kujifunzia. Samahani, mama."

"Ni haki, mama," mjane alijibu. Glasi yake ilikuwa imejaa vile vile alivyomiminiwa.

Pazia likasogea. Sarjono alitokeza kichwa.

"Lakini," alisema, na wanawake kumi na tisa wakageuka. "Lakini kitu chenyewe ni cha zamani. Huenda... huenda kilikuwa kimeshapasuka. Kabla."

Mama Tarmi akapiga kofi pajani. "Jamani mwoneni! Kitu kimevunjwa chake, na yeye anamtetea mvunjaji! Mama Rini, mume huyu ulimpata wapi?"

"Wangu mimi angeshadai fidia," alisema mwingine.

"Ndiyo hulka yake," alisema Murwati, na uso wake uling'aa kwa fahari ambayo Sarjono hakuwa ameiona tangu harusi ya binti yao Rini. "Mwenyewe tangu juzi hali vizuri kwa kumhurumia yule kijana. Mkatieni keki ya wali, kipande cha kwanza."

Wakamkatia. Akapewa kwa mikono miwili, kama mtu mwema.

Alishindwa kukila. Alikiweka juu ya kabati, akapitia jikoni, akavaa sandali za mtu mwingine na kutoka. "Baba Rini, unakwenda wapi? Glasi hazitoshi huku!" sauti ya mkewe ilimfuata, lakini hakugeuka.

*

Galih alikuwa anatengeneza sufuria ya umeme ya wali. Tangu Alhamisi hakuna kompyuta iliyoletwa.

"Karibu, mzee."

Sarjono aliketi kwenye kigoda, mgongo kwa barabara. Akainuka. Akaketi tena.

"Galih. Lile la Alhamisi."

"Yameisha, mzee."

"Hayajaisha. Ni mimi." Lilitoka kama mwiba wa samaki kooni, na kwa jinsi alivyopata nafuu akalirudia kwa sauti zaidi. "Ni mimi niliyekivunja! Kwa kisu cha jikoni. Kisha nikatia supaglu na jivu."

"Najua, mzee."

"Najua kwamba unajua. Kwa nini hukusema?"

Galih alifuta bisibisi kwenye suruali. "Mbele ya mama? Ningesemaje?"

"Mtoto mwema wewe. Mwema sana." Sarjono akavuta pumzi, akajisikia karibu kuwa mtu tena. Na hapo ndipo alipopaswa kuinuka, arudi kwenye ile mikeka. Lakini mtu aliyepata nafuu huanza kupiga hesabu. "Sasa nisikilize. Leo pale nyumbani wamejaa, si mahali pake. Mwezi ujao upatu utakuwa kwa mwingine, nitatafuta njia ya kuligusia. Polepole. Si unaelewa?"

"Zile kompyuta za shule zinapelekwa mjini, mzee?"

"Ah, hizo... zitakuja nyingine. Wewe bado kijana. Jina la kijana ni kama ukucha, likikatika linaota. La kwangu likikatika katika umri huu, Galih, litaota wapi? Kwenye upara?"

Alicheka kidogo ili kumpa kijana nafasi ya kucheka. Galih hakucheka. Alikuwa ameweka sufuria chini na kusimama wima, mikono mbele, kama mtu asimamavyo wakubwa wanapofika.

"Kaa tu, hakuna haja ya heshima zote hizo," alisema Sarjono. "Jambo moja tu nakuomba. Mama Rini asijue. Huyo akijua, mimi nitakula wali mkavu hadi Idi. Unamjua alivyo. Leo kanisifu mbele ya watu kumi na tisa, Galih! Kumi na tisa! Unataka nikamwambie nini?"

Galih alikuwa bado anatazama juu ya bega lake.

Sarjono akageuka.

Mjane alisimama kwenye ngazi ya varanda, trei tupu imekumbatiwa kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, macho yake hayakuwa sakafuni.

"Samahani, baba," alisema, kwa ile sauti laini kabisa anayotengewa mtu wa kuheshimiwa sana. "Tumefuata glasi. Sikukusudia kusikia." Alisogea pembeni kidogo, na nyuma yake kikaonekana kilemba cha Murwati. "Ila tafadhali, baba, rudia tangu mwanzo. Mama Rini alikuwa nyuma yangu. Yeye ameanzia kwenye wali mkavu."